Kiatu cha Kushoto

Kambi ya Reli, upande wa Malagarasi
6 Juni 1954

Kwa Shangazi Josepha, Goweko.

Shikamoo Shangazi. Shikamoo hii naiandika nikiwa nimesimama, maana najua ukiisoma utauliza kama niliitoa nimekaa. Kifua kilichonisumbua wakati wa mvua kimepona, nala vizuri na nalala vizuri. Natumaini nawe u mzima, pamoja na mtama wako na mitungi yako.

Kazi yangu ni ileile ya kushika bendera mchana na taa usiku, kupisha magari ya moshi ya kwenda Kigoma na ya kurudi Tabora. Silasi, mwenzangu wa chumba, anakusalimu sana. Jioni huwa namsomea barua zinazotoka kwao Urambo, halafu namwandikia majibu.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Uchumba wangu na Bertila umekubaliwa. Tutafunga ndoa mwishoni mwa Septemba, kanisani Nzega, na sherehe itakuwa nyumbani kwa baba yake, Mzee Masolwa. Mzee mwenyewe hajabatizwa, lakini amemwacha binti yake asali anavyotaka, na mimi amenipokea vizuri. Shida ni moja. Kwao, siku ya harusi, baba wa binti huchota kata ya kwanza ya pombe, anaionja mbele ya ukoo ili wote waone haina kitu, kisha anampa mkwe kwa mkono wake. Mkwe akiikataa ni kama amemwita mzee mchawi, na ndoa huweza kuvunjikia hapo hapo mbele ya mtungi.

Shangazi, mimi sinywi tena. Niliacha kiangazi kilichopita. Usiniulize kwa nini, nitakueleza siku nyingine. Ila ninajijua: kata moja ya heshima nikiinywa, ya pili naifuata mwenyewe bila kuitwa, na ya tatu sitaikumbuka. Sitaki Bertila aolewe na mtu huyo. Wala kumkosa sitaki.

Wewe umepika pombe tangu sijazaliwa, na sijasikia mtu hata mmoja aliyedhurika kwako. Ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya padre. Nifanye nini?

Ni mimi mwanao,
Raymundi Eustace


Goweko
27 Juni 1954

Mwanangu Raymundi,

Marahaba. Uliitoa umekaa, usinidanganye. Mtu aliyesimama mistari yake hainyooki hivyo.

Huku tu wazima. Mtama umekuwa mwingi mpaka maghala yamejaa, na kila uwanja watu wanapura. Mke wa katekista amejifungua mapacha, sasa katekista mwenyewe anasinzia kwenye ibada kuliko sisi. Majani yamekauka mapema mwaka huu. Watu wameanza kuchoma nyika, na mchana kutwa tunakohoa.

Kiangazi ndio msimu wangu, na ndio msimu mbaya. Wakati wa mvua mtu akilewa anaanguka kwenye tope, anaamka, anaoga. Kiangazi mavuno yako ndani, harusi kila mahali, jua linachoma, na mtu anatoka kupura koo limekauka anataka kuinywa pombe kama maji ya kisima. Kwangu hagusi kata kabla hajanywa maji na kula ugali. Mwenye fimbo anaiacha mlangoni, mwenye kisu ananipa mimi. Wananiita mchoyo, wananiita askari. Waniite.

Na mambo ya viatu yako palepale. Juzi Modest, yule fundi baiskeli, alianza kuimba huku analia, akasema anapanda baiskeli kwenda kumwona mama yake. Mama yake nilimzika mimi. Nikainama nikamvua ndara ya kushoto, nikaitundika darini. Amekulia pekupeku kama sisi sote, lakini mtu mwenye ndara moja huona aibu kuliko asiye na hata moja, haendi popote. Na unajua sheria: ambaye kiatu chake kiko kwangu hapewi tena hata tone, na hakuna wa kumlazimisha wala kumcheka. Akalala kibandani, asubuhi akanywa uji, nikamrudishia ndara mkononi mwake mwenyewe. Huwa simpi mjumbe. Usiniulize kwa nini ya kushoto.

Masolwa wa Nzega namfahamu. Huja hapa kupakia ng'ombe wake kwenye mabehewa. Zaidi ya hapo sisemi, maana mtu akinywea kwangu mambo yake yanabaki kwangu. Hilo la kata niachie nilifikirie.

Lakini nami nina swali. Silasi huyo si ndiye uliyeniambia alikuwa akisoma gazeti kwa sauti kambi nzima inasikiliza? Imekuwaje leo asomewe barua?

Kwa kuwa umeacha pombe, nakutumia kibuyu cha togwa kwa mkono wa gadi wa treni. Hata hao mapacha wakiota meno watainywa.

Shangazi yako,
Josepha


Kambi ya Reli
18 Julai 1954

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Safari hii nimekaa, na nimekiri. Nafurahi kusikia maghala yamejaa, na wape hongera nyumba ya katekista. Hapa joto limeanza mapema, na mchana chuma cha reli hakishikiki.

Kibuyu kilifika. Kilifika lakini kimechelewa, kwa sababu lile gari lilikaa Tabora likingoja behewa lililotoka kwenye njia, na kibuyu kikakaa juani pamoja na mizigo mingine. Nilipogusa kizibo kikaruka chenyewe, povu likanimwagikia shati la kazi. Harufu ikajaa chumba kizima. Shangazi, ulinitumia togwa nikapokea pombe, na pombe yenyewe nzuri.

Nikakaa nayo. Nilikuwa peke yangu, zamu yangu imekwisha, hakuna wa kuniona. Nilisema moyoni kwamba hii si pombe ya kununua, hii ni zawadi ya Shangazi, kuimwaga ni dhambi. Niliyasema hayo kwa muda mrefu. Kisha nikatoka nikaimwaga yote chini ya mpapai. Machozi yalinitoka, sikufichi, na sehemu yake ilikuwa uchungu wa kumwaga kazi ya mikono yako. Baadaye karani wa stesheni akanusa shati langu, akaniangalia sana. Nilimwonyesha mpapai.

Umeuliza habari za Silasi. Sikupenda kujibu, lakini wewe ukiuliza huachi. Oktoba iliyopita, siku ya Jumapili, jua kali, mtu mmoja mpita njia alituuzia chupa ya moshi, ile pombe inayokingwa kwenye bomba. Tulipanga tuinywe pamoja. Gari la mizigo likachelewa, nikabaki na bendera yangu mpaka jioni. Nilipofika chumbani Silasi alikuwa ameimaliza karibu yote, akaniachia funda moja, nikalinywa. Asubuhi akaniuliza kwa nini sijawasha taa. Jua lilikuwa limeshapanda.

Hajaona tangu siku ile. Mimi nina macho kwa sababu gari lilichelewa. Basi ndiyo sababu yangu, na sina nyingine.

Kuhusu kata ya Mzee Masolwa, nimefikiri hivi: je, hatuwezi kuweka togwa ndani yake? Rangi ni moja. Nikipata mtu wa jikoni akanisaidia, hakuna atakayejua.

Na hili la mwisho. Tangu utoto wangu, kwenye dari lako kuna ndara moja kuukuu, ya ngozi, iliyojikunja, ambayo hakuna anayekuja kuichukua. Ni ya nani? Na Baba alikufa kwa homa gani? Kila nimuulizaye ananitajia homa tofauti.

Mwanao,
Raymundi


Goweko
8 Agosti 1954

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wazima. Goti langu la kulia linanisumbua kidogo. Mapacha wanalia kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anapokea.

Barua yako niliisomea jikoni, mitungi yangu inachemka mbele yangu, nikaona aibu. Kupika pombe miaka yote hii, halafu nasahau kwamba togwa ni pombe ambayo haijapata muda. Kiangazi hiki hata usiku mmoja unaitosha. Kosa ni langu, wala si la gari la moshi. Nilitaka kukukinga, nikakuletea mwenyewe mlangoni.

Sasa nisikilize vizuri, maana sisemi mara nyingi. Kibuyu ulichomwaga ni cha Josepha wa Goweko. Wanaume wazima hutembea kutwa nzima kukifuata. Wewe ulikuwa nacho mkononi, hakuna anayekuona, na ukakimwaga. Nimejivunia wewe mpaka nikawasimulia wanawake kisimani, bila kutaja jina, lakini wote wamejua ni nani. Nimewaona watu wenye nguvu za kubeba magunia mawili na hawawezi kuubeba mzigo ulioubeba wewe siku ile.

Mpe Silasi pole yangu. Mwambie mwanamke anayepika pombe amesema hivi: moshi sijawahi kuupika na sitaupika, kwa sababu hata anayeupika hajui anachokikinga. Pombe yangu naiangalia ikichemka, naionja ikiwa changa, naionja ikiwa pevu. Ile mtu anaijua akishaamka, kama anaamka.

Togwa kwenye kata, hapana. Ukimdanganya mzee kwa mkono wako wa kwanza, utamdanganya kila kiangazi, na siku akigundua, atakayeitwa mwongo ni binti yake. Nenda Nzega kabla ya harusi. Mwambie kwa mdomo wako kwamba hunywi. Mwambie na habari za Silasi.

Kuhusu dari langu, wiki iliyopita tuliua nyoka huko.

Shangazi yako,
Josepha


Kambi ya Reli
29 Agosti 1954

Shangazi,

Shikamoo. Goti umelitaja kwa maneno machache mno, kwa hiyo najua ni baya. Bertila ameambiwa na watu wa Tabora kwamba huwezi kupanda lori la Nzega, na kwamba hutakuja harusini. Hukuniandikia hilo. Ukaniandikia nyoka.

Nilipata ruhusa fupi nikaenda Nzega kama ulivyosema. Nilimkuta Mzee Masolwa zizini, tukasalimiana, akanipeleka ndani. Nikamwambia yote, ya Silasi na yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kiko chake kikazimika bila yeye kujua. Kisha akasema:

"Umefanya vizuri kuja. Mimi nimekuelewa. Lakini maneno haya ni ya wawili, ukoo wangu haumo humu ndani. Siku ile kata itakuja, maana siwezi kuwaambia ndugu zangu tumeacha desturi kwa sababu ya mtu wa reli. Itakuja, na wewe utaijibu mbele yao. Ukiwa na jibu watakaloliheshimu, mimi nitalipokea."

Nikamwuliza jibu gani. Akasema, "Hilo ni la kwako, baba." Tulipokuwa tunaagana akaniuliza shangazi aliyenilea anaitwa nani. Nikasema Josepha, wa Goweko. Akakohoa, akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, na hakurudi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalitafuta hilo jibu. Nimefikiri maneno mengi, yote ni ya mtu anayejitetea. Ndipo nikakumbuka kwamba jibu umelitundika darini kwako miaka yote.

Kwa hiyo gadi atakuletea kifurushi. Ndani yake mna kiatu cheusi cha ngozi, kipya, cha kushoto. Ndicho cha harusi. Watu huvuliwa wakishalewa, mimi nakutumia kabla. Kipokee, kitundike, na kuanzia saa hiyo niwe mtu ambaye kiatu chake kiko kwako. Kanisani nitavaa cha kushoto cha Silasi. Mguu wake ni mkubwa kuliko wangu, nitajaza tambara. Amenipa kwa furaha, akasema angalau kiatu chake kitaona harusi.

Na maswali yangu mawili bado yapo. Siyarudii, unayajua.

Mwanao,
Raymundi


Goweko
12 Septemba 1954

Raymundi mwanangu,

Marahaba. Kifurushi kimefika salama. Gadi alidhani ni mkate.

Goti limevimba, ni kweli. Natembea na ndara moja, ya kushoto, na walevi wangu wote wamefurahi, wanasema leo askari amejikamata mwenyewe. Siji Nzega. Inaniuma kuliko goti.

Nilikishika kiatu chako nikakaa nacho mlangoni mpaka jua likaniondoa. Nimeona sina haki tena ya kukunyamazia. Wewe umeniambia la Silasi nilipouliza, mimi nimekujibu kwa nyoka.

Baba yako Eustace hakufa kwa homa.

Kaka yangu alikuwa mtu wa watu. Alipura kuliko wote, akanywa kama alivyopura. Kiangazi kimoja alikuwa kwangu, amelewa, anataka kwenda kwenye ngoma ya kijiji cha pili. Nilimsihi akanicheka. Alikuwa amenyoosha miguu karibu na mimi, wa kushoto ndio ulikuwa jirani, nikamvua ndara nikaikalia. Alinitukana mpaka akachoka, akalala. Asubuhi akanywa uji, akaichukua ndara yake, akasema, "Dada, hii nzuri. Wafanyie wote." Basi ndiyo sababu ya kushoto. Haina maana nyingine. Ulikuwa mguu wa jirani.

Mwaka uliofuata akaenda harusi ya mbali, upande wa ile njia ya zamani ya wapagazi. Akaondoka peke yake mchana, amelewa, jua kali, akajilaza kwenye majani makavu apumzike. Watu walikuwa wanachoma nyika. Hawakumwona. Siku ile hakunywea kwangu, na alikonywea hakuna aliyemvua kiatu.

Nililetewa ndara yake ya kushoto. Ndiyo uliyoiona darini. Kwanza tulikuambia homa kwa sababu ulikuwa mdogo, baadaye tukakuambia homa kwa sababu ulikuwa mkubwa na umeanza kunywa, na mimi nikaogopa. Niliwavua wageni viatu, wewe ukawa mbali kwenye reli, mkono wangu haukufikii. Nilikuwa nakuombea tu.

Na sasa umekileta mwenyewe.

Nenda kaoe. Kiatu chako kimetundikwa, na sheria unaijua. Hata mkwe wako hawezi kukupa tone.

Shangazi yako,
Josepha


Nzega
3 Oktoba 1954

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Bertila anasema shikamoo, amesimama hapa anahakikisha naiandika.

Barua yako niliipata siku moja kabla ya kusafiri. Niliisoma mara moja nikaikunja, sikuweza kurudia. Nimemlilia Baba upya, na safari hii nililijua ninalolilia. Sikukasirika. Nilifikiria watu wangapi wamefika kwa wake zao asubuhi kwa sababu yake na yako, na wao hawajui hata jina lake. Silasi nilimsomea. Akasema, "Huyo mama angekuwa kambini kwetu, ningekuwa nasoma mwenyewe."

Sasa harusi. Kanisani tulikwenda vizuri, ingawa kiatu cha Silasi kilikuwa kinapiga kelele kila hatua na padre akaniangalia. Mchana tukahamia kwa Mzee Masolwa. Watu wengi, ng'ombe amechinjwa, mtungi mkubwa katikati ya uwanja. Kabla sijakaa nikakivua kiatu cha Silasi, nikamrudishia mwenyewe, maana nilikuja naye harusini. Mguu wa kushoto ukabaki na soksi. Wajomba wa Bertila wakatazamana.

Mzee akachota. Akaonja mbele ya wote, akafuta mdomo, akanyoosha kata kwangu kwa mikono miwili. Bertila alikuwa ananishika shati kwa nyuma. Koo langu lilikuwa limekauka kwa jua, na ile harufu, Shangazi, sitaki kukudanganya, ilinijia vizuri sana.

Nikapiga goti ili niwe chini yake, nikasema, "Baba, mkono wako nauheshimu na kata yako haina kitu. Lakini siwezi kupewa. Kiatu changu kiko Goweko, kwa Josepha."

Mjomba mmoja akasema kwa sauti, "Kiatu kinahusu nini na pombe?" Wengine wakaanza kunung'unika. Lakini mzee alikuwa anauangalia mguu wangu.

"Cha kushoto?" akauliza.

"Cha kushoto, Baba."

Basi akaanza kucheka. Alicheka mpaka pombe ikamwagika kutoka kwenye kata, akawageukia ndugu zake. "Sikilizeni," akasema. "Nyinyi hamjawahi kupeleka ng'ombe Goweko. Mimi nimepeleka. Yule mama ameshanivua ndara mimi Masolwa, mbele ya wachunga wangu. Nilimtukana, nikamwomba, nikamwahidi ndama. Hakunirudishia mpaka asubuhi. Usiku ule walikuwa wanasukuma mabehewa pale stesheni, na mimi nilikuwa nataka kupita katikati yake kwenda kuwaaga ng'ombe wangu. Huyo Bertila mnayemwona alikuwa bado hajazaliwa. Kiatu cha mtu kikiwa kwa Josepha, mtu huyo hapewi. Hata mimi siwezi kumpa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikohoa, na kwa nini wewe ulikataa kusema. Umeitunza aibu ya mtu kuliko watu wanavyotunza ng'ombe.

Akaimwaga kata, akaagiza maji. Akayachota kwa kata ileile, akayaonja yeye kwanza, polepole, mbele ya ukoo wote, kana kwamba ni pombe ya kwanza ya mavuno. Kisha akanipa kwa mkono wake. Nikayanywa yote. Yule mjomba aliyeuliza ndiye aliyepiga kigelegele cha kiume, kibaya sana, lakini kilitoka moyoni.

Na jioni, Shangazi, nikaona kitu. Mlangoni kwa Mzee Masolwa mama mkwe amekaa kwenye kigoda, na pembeni yake kuna rundo la ndara za kushoto. Wengine walivuliwa, wengine walileta wenyewe. Hakuna aliyeondoka na baiskeli. Sijui kama amepata jinsi yako ya kuwakemea, lakini anajifunza haraka.

Tutarudi kambini mwezi ujao. Ukipata nafasi mpe gadi kiatu changu anipelekee. Cha Silasi kimenitoa malengelenge.

Wanao,
Raymundi na Bertila


Goweko
24 Oktoba 1954

Wanangu Raymundi na Bertila,

Marahaba, nyote wawili. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Sikonge, ila mvua bado. Goti limepungua. Mapacha wameanza kucheka, baba yao ndiye bado.

Barua ya harusi nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Wanawake wa kisimani wamenilazimisha niirudie pale kwenye kigelegele. Mwambieni Masolwa kwamba mimi sikusema kitu, amejisema mwenyewe, na ndama wake nilimkataa. Mwambieni pia mama mkwe kwamba viatu visirundikwe, vitundikwe, mchwa wa kiangazi hawachagui.

Raymundi, umefanya jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria. Miaka yote nimengoja mtu alewe ndipo nimvue. Wewe umenionyesha kwamba kiatu kinaweza kutangulia. Jumapili iliyopita Modest alikuja na ya kwake mkononi, mapema, kabla hajakaa. Akaniambia, "Mama, leo nina mtoto mgonjwa nyumbani, nishikie." Akala ugali wake, akazungumza na wenzake, nikamrudishia ndara, akaondoka jua lingali juu. Baba yako angelipenda hilo. Angelicheka sana.

Kiatu chako sitampa gadi. Umekulia hapa nyumbani na unajua viatu vyangu havirudishwi kwa mjumbe. Nimekitundika karibu na ndara ya baba yako, na kila asubuhi nikiwasha moto naviangalia vyote viwili. Kile cha baba yako hakina wa kukifuata. Hiki chako kina mwenyewe, yuko hai, ana macho, na ana mke.

Njooni mkichukue. Mje asubuhi, uji utakuwa motoni.

Shangazi yenu,
Josepha